Mgonjwa wa Arobaini na Saba

"Hapa pana kosa," mwalimu wa programu alisema, akagusa skrini kwa kalamu. "Zahanati yako ya kuigiza ina wagonjwa sitini kwenye foleni. Wote wanamwona daktari, ila huyu wa arobaini na saba anaondoka kwenye benchi kabla hajaitwa. Anakwenda wapi?"

Binti aliyeiandika programu hiyo alitazama pembeni ya kibodi. Hapo kilikaa kibao cha plastiki cha foleni, chenye namba 47, kona moja imelika. Siku walipombeba mama yake kutoka kwenye benchi la zahanati, kafunikwa shuka hadi usoni, hakuna aliyekumbuka kukidai.

"Unanisikia, mwanangu? Foleni haina maajabu. Aliyetangulia anahudumiwa, anayefuata anasogea. Hakuna wa kupotea njiani. Ni mstari mmoja tu wa msimbo. Ufute nikupe alama zako, twende zetu tukale."

Aliujua mstari wenyewe. Ndio aliouandika mwanzo kabisa, kabla hata hajaiunda foleni.

"Sawa, mwalimu." Akaufuta, akaiendesha programu.

Namba zikaanza kushuka kwenye skrini. 45 akaingia. 46 akaingia. 47 akaingia kwa daktari saa nne na dakika nane, akatoka na dawa zake, akaenda nyumbani.

"Umeona? Kazi safi," mwalimu akasema, akahamia meza ya pili.

Binti akairudisha programu mwanzo, akaiendesha tena.