Kina Mwatima

Siku hizi kila anayefariki hutengenezewa filamu ya maisha yake, na kila mwaka filamu hiyo hurudiwa kwa mwigizaji mwingine. Kombo na Zuhura, bintiye aliyefiwa na mama yake, Mwatima, akiwa mchanga, wameshawaona kina Mwatima wengi. Yule wa mwanzo alijua kununa, lakini kwa kusukuma chapati huku akiimba, wote wawili walikubaliana, hakuna aliyemfikia yule mwenye mwanya.

Jana bibi, mama mzazi wa Mwatima, aliwaletea video ya zamani ya arusi. Ndani yake bibi arusi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

“Baba, huyu kazidisha,” alisema Zuhura. “Mama hakuwa hivi.”

Bibi alimgeukia mkwewe, akangoja.

Kombo alikuwa amemtambua mkewe. Hata hivyo alijikuta akisema, “Kweli, mwanangu. Yule mwenye mwanya alimwigiza vizuri zaidi.”