Gauni Ambalo Halijashonwa

Fundi aligeuza pindo la gauni kuukuu alilopewa na mgeni, akakuta mafundo matatu ya uzi mwekundu. Ni yeye peke yake aliyefunga hivyo, kwa ndani, na hakuwahi kumwonyesha mtu.

Kitambaa cha gauni hilohilo kilikuwa bado mezani, kimechorwa chaki tu. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Nani kakutuma? Yule mchumba wake wa zamani?"

"Hakuna, bibi. Mimi ni mjukuu wako. Nimerudi nyuma miaka sitini. Zuia hii harusi. Baba alimuua mama nikiwa na miaka sita."

"Mjukuu gani ana mvi kunizidi?"

Fundi alimkagua kama anavyokagua kitambaa cha bei rahisi. Sikio la kushoto lilikuwa limekunjika juu, sawasawa na la bwana harusi.

"Haya, tuseme nakuamini. Nikiizuia, wewe utazaliwa na nani?"

"Sitazaliwa," mgeni akasema, akavuta kiti akaketi. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Fundi akachukua simu, akampigia binti yake amwambie avunje harusi, jicho halibanduki kwa mgeni.