Tundu la Mraba

Bienvenido aliitambua disketi ile kabla hata hajaelezwa shida yake. Ilikuwa na tundu la mraba pembeni, na katika mji mzima wa Moca ni yeye peke yake aliyetoboa disketi kwa msumari wa kiatu cha farasi uliopashwa moto. Disketi ya nafasi ndogo ikitobolewa hivyo, kompyuta hudanganyika ikaiona ina nafasi kubwa. Kila aliyoikuta nyumbani aliitoboa, bila kuuliza ya nani.

Sasa hii ilitokaje nyumbani kwake ikaingia mfukoni mwa Leocadio, mtangazaji wa redio?

"Inakataa," alisema Leocadio. "Kila nikiichomeka, mashine inasema haijafomatiwa, inataka niikubalie iifomati. Nimegoma. Nataka kilichomo."

"Kuna nini?"

"Mambo ya redio tu, kaka."

"Mambo ya redio, halafu unatokwa jasho hivyo?"

"Joto hili wewe hulisikii? Nikwambie ukweli, fundi, angekuwepo mwingine hapa mjini nisingekuja kwako."

Dulce, marehemu mke wa Bienvenido, hakuwahi kukosa kipindi cha Leocadio cha saa sita mchana. Alipiga simu kuomba nyimbo, akacheka na mtangazaji hewani mpaka wali ukapoa mezani, na mumewe akanuna. Jumamosi hii angetimiza mwaka kaburini. Misa ilishapangwa, majirani walishaalikwa chakula. Bienvenido hakubakiwa na kitu kingine cha maana ila kuamini kwamba mwanamke yule alimpenda.

"Ulipewa na nani?"

"Na mwenyewe. Alirekodi sauti pale kituoni, akakaa nayo nyumbani siku chache akisitasita, halafu akairudisha. Sikuigusa mpaka wiki hii."

"Mwenyewe nani?"

"Nimeapishwa. Usinibane, ndugu yangu."

Leocadio aligeuka akatazama barabarani, na Bienvenido akamwona kuwa ni mtu anayekimbia macho ya mwenzake. Shida ya disketi alishaijua: ilifomatiwa ikiwa ndogo, ikajazwa, ndipo ikatobolewa. Dawa ilikuwa kuliziba tundu, mashine iione ndogo tena. Alibandika kipande cha karatasi ya gundi, akaichomeka, nayo ikafunguka bila ubishi.

Ndani mlikuwa na faili moja tu la sauti. Jina lake lilikuwa MPENZI. Tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa ile ambayo Dulce, akiwa amekonda na hawezi hata kupanda ngazi, alisema anapelekwa kliniki na dada yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea Bienvenido. Mashine yake haikuwa na spika. Za kuazima zilikuwepo kwa jirani, lakini aliogopa kusikia. Alichagua ufomati kamili, ule unaosugua na kufuta kila kitu. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa nayo.

Disketi ikaanza kukwaruza kama kuku anayechakura.

"Inasoma?" aliuliza Leocadio, akageuka haraka.

"Inajaribu. Wewe tulia."

Ilipomaliza, Bienvenido aliitoa akaisukuma juu ya meza. "Pole. Imekufa. Haina kitu ndani."

"Haiwezekani. Hebu rudia, fundi, nakuomba."

"Nirudie nini? Si una nakala nyingine huko kwenu? Au sauti yako tamu haijui kutunza vitu?"

"Sina. Alinikataza kubakiza nakala. Alisema asiisikie mtu kabla ya yule aliyemrekodia."

Leocadio alikaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso kwa viganja. Bienvenido alimtazama akilia, akafurahi. Kwa mwaka mzima hakuwa amefurahi namna ile.

"Basi kiapo hakina kazi tena," alisema Leocadio, akijifuta macho. "Niliambiwa niipige hewani Jumamosi saa sita, ukishatoka kwenye misa yake. Dulce alisema kwanza nikuombe ukae kitini, Bienve, maana ukimsikia ukiwa umesimama utaanguka."