Mzee Aliyesikiliza Mbao

Mzee mwenye kofia alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya kabati, makalio yamebaki nje, na watu wanapita wakicheka.

"Umepata nini humo, mzee?" mama muuzaji akamuuliza.

"Nasikiliza mbao."

"Zinasemaje?"

"Zinasema nisiwe na haraka."

Ilikuwa alasiri ya mwisho ya maonyesho ya vitu vya kale, na kabati hilo, kuukuu lakini zima, lilikuwa limemkalia mama huyo rohoni. Binti yake alikuwa anarudi nyumbani na kitoto kichanga, na chumba pekee cha kumpa ndicho kile ambacho kabati liliziba ukuta wake mzima. Lisipouzwa leo litarudi palepale, binti na mwanawe walale sebuleni.

Wateja walikuwepo, tena tele. Yupo aliyesema anazunguka kwanza. Yupo aliyepiga picha amtumie dada yake. Kiboko yao walikuwa mume na mke wenye miwani ya jua. Walipita asubuhi, wakapita mchana, wakafungua milango yote wakaifunga, wakasifu, kisha wakaaga kwa adabu kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa.

"Nikutegee kitendawili," mama alimwambia jirani yake, muuza taa. "Anakuja hana, anaondoka hana, na mimi ndiye niliyekaukwa na mate."

"Mteja wa nitarudi," muuza taa akajibu bila kuinua kichwa. "Hicho hata mjukuu wangu anakijua."

Sasa wale wawili walirudi tena, wakamkuta mzee akilipima kabati kwa shubiri.

"Mama, bado lipo?" mke akauliza. Maringo yalikuwa yamempungua.

"Lipo, ila mzee huyu kalishikilia tangu mchana."

"Sijalikataa," mzee akasema. "Wasiwasi wangu ni mlango wa nyumbani. Ngoja nikalale, nilifikirie."

"Ukiamka utakuta limeshaolewa, mzee wangu."

Mume akamnong'oneza mkewe, kwa sauti ya kusikika vizuri tu: "Watu wengine bwana. Huyu hata kaburini atasema ngoja afikirie."

Mke akacheka.

"Au basi nilichukue," mzee akaanza, akipapasa mfukoni.

"Tunachukua sisi," mke akadakia. Hata kuomba apunguziwe hakukumbuka.

Wapagazi wakaitwa, kabati likainuliwa, likaondoka. Mume akampigapiga mzee begani. "Pole, babu. Siku nyingine uwe unaamua upesi."

Mzee akavua kofia, akabaki anaitazama njia kama aliyefiwa.

Walipopotea kwenye kona, mama alimimina chai, akamsogezea kikombe.

"Kunywa upesi, baba watoto. Jirani anaomba ukashindwe kuamua na kwake."