Mbegu Nne Mkononi

"Wazee, mbona nyote mnacheza kwa mkono wa kushoto?"

Mkono wa Nderitu ulisimama juu ya ubao wa giuthi, bao la kwao, mbegu nne zikiwa bado kiganjani. Tangu sherehe ya michezo ianze pale Gakindu, alikuwa akiitazama kwa jicho la pembeni kalamu ya huyu mtafiti wa chuo kikuu aliyeuliza. Mtu wa mwisho kuja hapa na daftari, wakati wa mkoloni, aliondoka na majina, na wenye majina wakafuatwa na lori.

Alimtazama mwenzake wa upande wa pili. Mwenzake akainamisha kichwa.

"Hiyo ni desturi ya hapa," chifu alidakia kutoka kwenye kiti cha wageni. "Andika hivyo, mwalimu. Ati mkono ya kulia ni ya kula tu."

Watu wakacheka. Kalamu ikaanza kukimbia.

Nderitu aliikazia macho mikono ya chifu, minene, imetulia juu ya fimbo. Kule kizuizini kwa mkoloni, miaka minne, chifu akiwa askari, mikono hiyo ndiyo iliyomfunga yeye na wazee wenzake pingu ukutani kwa mkono wa kulia kila asubuhi na kuondoka na ufunguo. Wao wakachimba vishimo sakafuni, wakacheza kwa mkono uliobaki.

"Mwalimu," akasema. "Hiyo futa."

Akaziweka mbegu chini, moja moja, kisha akaanza kukunja mkono wa shati, ule wa kulia, uliofunika kovu la pingu.