Kilo Kumi na Mbili

Siwatu alikuwa ameshavua aproni, anajikokota mlangoni na tumbo lake la miezi minane, msimamizi akamwita.

"Njoo, mama. Kompyuta inasema jana ulibangua korosho kilo kumi na mbili. Wenzako wanaishia nane."

Wenzake wakainamia meza. Wiki nzima kila mmoja alimtupia konzi moja ya korosho zake kwenye beseni, asifukuzwe kwa kuzidiwa na mimba.

"Basi kuanzia kesho ni kumi na mbili kwa wote."

"Njoo ubangue wewe, na kucha zako hizo za rangi!" akafoka Bi Mgeni kutoka meza ya jirani.

Siwatu alifungua mdomo. Akisema kweli, wanafukuzwa wote. Akaufunga.

Ijumaa alijifungua mtoto wa kike. Bi Mgeni aliondolewa kazini kwa kuishia kilo tisa. Waliobaki wanafikisha kumi na mbili. Saa ya chakula hawainuki.