Sura ya Tisa

Nilibonyeza kitufe chenye plasta nyekundu kwenye kompyuta ya Baba, orodha ikafunguka.

Plasta hiyo niliibandika mwenyewe, siku nilipomwekea Baba kijiprogramu cha kumwonyesha mafaili aliyoyafungua karibuni. "Ukisahau ulipoishia, bonyeza hapa," nilimwambia. Tangu hapo, kila nikipiga simu ananiambia kitabu anachoandika kinakwenda mbio, amefika sura ya tisa.

Sura ya Kwanza, Jumatatu. Sura ya Kwanza, Jumanne. Sura ya Kwanza, Jumatano. Hivyo hivyo mpaka chini. Nikafungua tatu, zote zina sentensi moja tu: "Nilimwona mama yenu kwenye foleni ya posta, kiatu kimoja kakishika mkononi."

Baba akaingia na vikombe viwili, chai ikimwagika kwenye visahani. "Si unaona mzee wako anavyochapa kazi? Hebu soma mwanzo, uniambie kama unavutia."

Nikasoma kwa sauti. Akacheka mpaka akavua miwani ajifute macho, kama ndiyo kwanza anaisikia.

Plasta ilikuwa imechakaa, wekundu umebaki pembeni tu. Nikavuta kibodi upande wangu.

"Unavutia, Baba. Halafu ikawaje?"